Nahodha Raphaël Asukulu na Degere Tatu za Ziwa

"Hii taa ya kwanza itawaka mu nyumba ya nani?"

Ndugu waombolezaji, swali hilo liliulizwa hapa hapa Baraka, kwenye mchanga ule wa chini ambako mitumbwi inalala, asubuhi ya tarehe 17 Januari 1955, mbele ya bwana administrata, mbele ya mhandisi wa kampuni, mbele ya watu waliokuwa wamesimama juani tangu mapema, na hakuna aliyelijibu. Mkalimani alifungua kinywa, akamtazama bwana administrata, akakifunga, bwana administrata akavua miwani akaifuta ingawa haikuwa na vumbi, kisha mkutano ukafungwa na watu wakaambiwa wapige makofi, nao wakapiga. Aliyeuliza ndiye huyu aliyelala hapa mbele yetu, na familia imeomba historia yake ianzie hapo, hata kabla hatujataja kuzaliwa kwake, kwa sababu wengi wenu mmekuja mkiijua sehemu moja tu ya maisha yake, ile ya kuchekesha, na tusingependa ashuke kaburini nayo.

Marehemu Raphaël Asukulu alizaliwa tarehe 24 Oktoba 1921 katika kijiji cha Lweba, kando ya ziwa, mtoto wa tatu na wa kiume pekee wa Mzee Nicolas Asukulu, mkulima wa muhogo na mshona nyavu, na Mama Constance, wote wawili wametangulia. Ilikuwa sikukuu ya malaika Raphaël, kwa hiyo padri aliyembatiza hakupata kazi ya kutafuta jina. Mama yake alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyu ukimtuma chumvi kwa jirani anarudi na swali, na chumvi ameisahau, ukimrudisha tena analeta chumvi na swali la pili.

Alisoma katika shule ya misioni hapa Baraka kuanzia mwaka 1930 hadi 1935, akajua kusoma, kuandika, hesabu, na Kifaransa cha kutosha kuelewa anatukanwa nini, kisha akaacha shule kwa sababu macho ya baba yake yalikuwa yameanza kufifia na nyumba ilihitaji mikono. Mwaka 1936 aliingia kazi ya kubeba magunia kwenye ghala la pamba, akaifanya miaka minne bila kuipenda hata siku moja, na mwezi Mei 1940 akapokelewa kwenye boti ya Mzee Useni Uledi, mfanyabiashara wa hapa, ambaye yuko pamoja nasi leo na ambaye tangu jana hajakubali kukalia kiti. Hapo ndipo marehemu alipopata kazi yake ya kweli. Aliosha boti, akajifunza injini, akajifunza miamba, akajifunza mawimbi ya Juni, na mwaka 1944 akapewa ruhusa ya serikali ya kuwa nahodha, akawa anapeleka ndagala, wale dagaa wetu, chumvi na watu kati ya Baraka, Uvira, Albertville na Kigoma. Bamama wa sokoni walipenda kusafiri naye, walisema ukiwa na Raphaël unaweza kusinzia, kwa maana hakuwahi kudanganya abiria kuhusu upepo, kama ni mbaya alisema ni mbaya, na mwenye haraka alimruhusu aende kwa miguu. Tena kila mwezi wa Ramadhani, yeye Mkatoliki kati ya mabaharia Waislamu, alikuwa akificha muhogo wake chini ya kamba na haugusi mpaka jua lizame, na Mama Siti, mke wa Mzee Useni, alipogundua jambo hilo alianza kumwekea sahani yake ya futari kama mtoto wa nyumba, na sahani hiyo haikukosa kuwekwa hata mwaka jana.

Tarehe 12 Julai 1947 alifunga ndoa katika kanisa la Baraka na Georgette, binti wa Mzee Albert wa Kilembwe, ambaye alikuwa ameteremka kutoka huko bara kuja kujifunza ukunga katika nyumba ya uzazi ya hapa. Walijuana kwenye boti, safari ya Uvira, siku ambayo Georgette, mtoto wa milimani asiyezoea maji, alimtapikia nahodha kifuani, naye akavua shati kwa mkono mmoja, akaliloweka ziwani, akalivaa likiwa linadondosha maji na kuendelea kushika usukani, kisha akauliza kama kule Kilembwe hupika maharage asubuhi. Mama Georgette alituambia wiki hii kwamba alikubali kuolewa kwa sababu ya swali hilo, kwani wengine wote kwenye boti walikuwa wamegeuza nyuso.

Mungu aliwajalia watoto wanne. Wa kwanza alizaliwa tarehe 3 Machi 1949, na hakufika kupewa jina. Mvua ilikuwa kubwa, nyumba ya uzazi ilikuwa na taa moja ya utambi, mafuta yakaisha katikati ya uchungu, mkunga akafanya kazi kwa kupapasa, na kitovu kilichokuwa kimemzunguka mtoto shingoni hakikuonwa na mtu. Marehemu alikuwa ametumwa kutafuta mafuta, akagonga mlango baada ya mlango chini ya mvua ile, akarudi na chupa imejaa, akakuta kimya. Aliiweka ile chupa dirishani na hakuitaja tena maisha yake yote, lakini mnaomfahamu mtakumbuka tabia yake moja ambayo wengine waliiona ni wazimu kidogo: hakuweza kupita karibu na taa, hata ugenini, bila kuinyanyua na kuitikisa kando ya sikio, asikie kilichobaki ndani. Waliofuata ni Constance, aliyezaliwa tarehe 20 Septemba 1950, Jacques, tarehe 8 Desemba 1952, na Félicité, tarehe 2 Februari 1957, wote wako hapa, na Félicité ndiye yule anayelia bila kujua analilia nini.

Sasa tufike kwenye lile lililompa jina la utani.

Mwezi Julai 1954 alifika Baraka mhandisi mmoja Mbelgiji, kijana bado, tukimwita Mesié Roger, ametumwa na kampuni ambayo leo hata kibao chake kimekwisha kung'olewa. Alikuwa na sanduku la vipimajoto na waya mrefu uliozungushwa kwenye gurudumu. Kule pwani ya Abijani, alisema, Wafaransa wanajaribu kutoa umeme kwenye bahari bila makaa, bila petroli, bila maporomoko, kwa kutumia tofauti tu ya joto kati ya maji ya juu yanayoota jua na maji ya chini kabisa ambayo hayajawahi kuliona, na yeye akajiuliza kama ziwa letu, lenye kina cha kutisha, halingeweza kazi hiyo hiyo. Alihitaji boti na nahodha, akapewa boti ya Mzee Useni na Raphaël.

Njiani alimweleza namna mashine inavyofanya kazi, na marehemu akaja kutueleza sisi kwa sufuria ya mke wake: maji ya vuguvugu hayachemki hivi hivi, lakini ukiyafungia ndani ya chombo na kunyonya hewa yote, yanachemka bila moto, mvuke wake unasukuma gurudumu, gurudumu linatoa umeme, kisha unapitisha maji ya baridi kutoka chini, mvuke unarudi kuwa matone kama yale ya chini ya kifuniko, nafasi inabaki wazi, na mvuke mwingine unakuja kuijaza, hivyo hivyo mchana na usiku. Nguvu yote, alisema, iko kwenye ule umbali kati ya joto na baridi, vikikaribiana mno gurudumu linalala. Watu walimsikiliza huku wakicheka, Mama Georgette akadai sufuria yake. Lakini kwenye boti, Mesié Roger alipomaliza maelezo yake marefu, Raphaël alikuwa amemuuliza jambo moja tu, kama mashine hiyo inaomba mafuta, na akajibiwa kwamba haiombi, hata tone. Jioni alimwambia mke wake kwamba nyumba ya uzazi itapata taa isiyokwisha. Hakusema labda. Ndugu, huyo ndiye mtu aliyekataa kuwadanganya bamama kuhusu upepo, na siku hiyo alimwahidi mkewe jambo ambalo halikuwa mkononi mwake, tena kwa sauti ya mtu mwenye hakika, kwa sababu alilitaka kupita kiasi.

Mnajua wote desturi ya Banza. Boti inayotoka Baraka kwenda ziwa kuu lazima izunguke ncha ya Ubwari, na pale kwenye ncha, Banza, kuna kipande cha maji, si kikubwa kuliko uwanja wa nyumba, ambacho kina joto linalotoka chini ya miamba. Hakuna nahodha wa kwetu anayepita pale bila kusimama watu wanawe uso na miguu, babu zetu walinawa, Waislamu wananawa, Wakristo wananawa, boti mpya inaogeshwa pale, na anayepita kavu anahesabiwa kuwa na majivuno. Kwa hiyo tarehe 11 Agosti 1954, Raphaël alizima injini Banza kama alivyoizima kila safari kwa miaka yote, akamwambia mgeni wake, "Hapa tunanawa." Mesié Roger akafurahi sana, akavua viatu na soksi, akatumbukiza miguu, akasema yanafanana na maji ya kuoga ya nyumbani kwa mama yake. Na kwa kuwa boti ilikuwa imetulia vizuri, akateremsha kipimajoto, akasoma, akaandika: joto la juu, degere thelathini na tano. Kisha wakaenda mbele, upande wa mashariki ambako kina kinaanza karibu na pwani, akateremsha waya wake wote hadi chini, akapata ishirini na tatu. Tofauti, degere kumi na mbili. Maji ya juu hakuyapima tena, kwani alikuwa ameshayapima.

Namba hiyo marehemu hakuonyeshwa. Alichoona ni mzungu mwenye furaha.

Yaliyofuata mliyaona. Mkutano ule wa Januari, makofi, na swali lisilojibiwa, kwa sababu kila mtu alielewa kwamba marehemu anauliza kama nyumba ya kwanza itakuwa ya uzazi au ya mabwana, naye aliuliza akijua kwamba nyaya zilikuwa zimeshachorwa kuelekea upande wa nyumba za mabwana na ghala la pamba, Mesié Roger mwenyewe alikuwa amemwonyesha mchoro akidhani anamfurahisha. Yakaja mabomba ya chuma, makubwa kiasi cha mtoto kutambaa ndani, yakashushwa mchangani Baraka, vijana wetu wakayavusha moja moja kwenda upande ule wa Ubwari, na Raphaël akaongoza kila safari bila kuharibu hata moja. Tarehe 9 Juni 1956 mashine ikajaribiwa mbele ya wageni kutoka Bukavu. Maji ya chini yalipanda kweli, yakitoa harufu ya mayai viza hata wageni wakafunika pua, gurudumu likazunguka taratibu kama la baiskeli iliyoinuliwa na kusukumwa kwa kidole, taa ndogo ya majaribio ikaonyesha uzi mwekundu ndani yake, kisha uzi ukapotea. Wakajaribu hadi saa za mchana. Ikaitwa timu nyingine ya wapimaji, wao wakapima juu na chini mahali pamoja, wakapata juu ishirini na sita, chini ishirini na tatu, na hapo ikajulikana kwamba ziwa letu, pamoja na kina chake na sifa zake, lina degere tatu tu za kumpa mwenye mashine, na bahari ya Abijani ina karibu ishirini.

Kosa lilikuwepo. Hatulifichi. Sasa tuulize ni la nani, kwa sababu ripoti ya kampuni haikuuliza, ilisema tu kwamba nahodha mwenyeji aliwapeleka wapimaji mahali pa udanganyifu. Mahali pa udanganyifu, Banza! Tangu lini kunawa ni udanganyifu? Aliyekuwa na kipimajoto mkononi ni nani? Aliyeandika ni nani? Na aliyetumbukiza miguu miwili mitupu na kuyasifu yale maji kwa joto lake ni nani? Mguu wake ulijua, kalamu yake ikajifanya haijui, na aliyelipa ni usukani wa mtu mwingine. Wapo wanaosema, na tumewasikia hata hapa matangani, kwamba basi Raphaël angesema. Angesema nini? Kila mtu wa Baraka anajua kwamba Banza ni moto, tunajua kama tunavyojua kwamba ziwa lina maji, na nani kati yetu amewahi kumkalisha mgeni aliyekwisha kulowesha miguu yake, amweleze kwamba maji hayo ni ya moto? Kosa lake ni la mtu wa kwetu, alidhani kinachojulikana na wote kinajulikana na wote.

Hayo ni maneno yetu. Yeye mwenyewe hakujitetea hivyo. Kwa mke wake alikiri kwamba alijiuliza mara nyingi, kama angeonyeshwa ile thelathini na tano siku ile, angesema "bwana, hapa si ziwa, hapa ni Banza," au angenyamaza kwa sababu ya ile taa, na kwamba jibu hakulipata. Tumeona ni haki mlijue hilo, kwa kuwa mtu aliyekuwa haogopi kujiuliza hivyo hakuwa mdanganyifu.

Tarehe 30 Agosti 1956 ruhusa yake ya unahodha ilifutwa. Mzee Useni alivaa kanzu yake ya Idi, akaenda ofisini bila kuitwa, akasimama mbele ya meza, na maneno aliyosema tunayaweka hapa kama alivyoyasema: "Bwana, mi pia nanawaka uso Banza. Baba yangu alinawaka Banza. Hata mzungu wenu alinawa, batu baliona. Sasa mufunge siye wote, ao mumurudishie mutoto wangu usukani yake." Akatolewa nje kwa adabu. Usukani haukurudi. Mesié Roger alisafiri mwezi huo huo, na inasemekana alitaka kuja kuaga akaambiwa si lazima.

Halafu tukaja sisi, ndugu. Hapa hatuwezi kumlaumu mzungu. Nani alimtungia jina la Degere Tatu? Si ofisi. Nani walikuwa wakimsimamisha njiani, sigara mdomoni, wakimwambia, "Degere Tatu, tuwashie basi"? Nani sokoni, akiuziwa ugali uliopoa, alipiga kelele kwamba huu umepikwa na mashine ya Raphaël? Batoto walikuwa wakipaza sauti ndani ya yale mabomba yaliyobaki mchangani, "Degereee," bomba likalirefusha, naye akiwa anapita na mtoto wake mkononi, na bamama waliokuwa wameanika ndagala juu ya bomba hilo hilo walishika mbavu kwa kicheko. Hakuna aliyetaka kumuua. Tulikuwa tunacheka tu, na tulicheka miaka miwili na nusu.

Alikuwa akiitikia. Alitabasamu, akasema "naam," akapita. Lakini siku moja ya mvua, Novemba mwaka ule ule, alirudi kutoka kubeba mizigo njia ya Minembwe, kwa kuwa kazi ya maji alikuwa amenyimwa, amelowa mpaka mifupa, mtu wa ziwani aliyefanywa mchukuzi wa milima, akakaa mlangoni pa nyumba yake mwenyewe bila kuingia, na Mama Georgette alipomuuliza anangoja nini, alijibu kwamba alimwahidi taa akamletea jina. Mama Georgette alimvuta kwa mkono, akamvua nguo mbichi, akamfunika kwa kitenge chake, akajifunika naye, akamwambia maneno ambayo ametupa ruhusa kuyasoma leo: "Kuya hapa karibu. Miye, degere tatu inanitosha." Tangu hapo, ndani ya nyumba ile, jina lililokuwa likimchoma barabarani lilikuwa jina la mapenzi, na hakuna mtu wa nje aliyelijua hilo mpaka asubuhi hii.

Mwanzoni mwa mwaka 1957 alianza kazi yake ya mwisho, ya ufundi wa taa za petromaksi, zile za kuvulia ndagala, akaketi chini ya kibanda cha bati karibu na soko, akisafisha sindano, akibadilisha soksi za taa, vile vitambaa vinavyotoa mwanga, akipuliza, akitikisa, akisikiliza. Wavuvi walikiri kwamba taa iliyopita mikononi mwake haizimiki katikati ya ziwa. Na kila siku jua likielekea kuzama upande wa Mutambala, alifunga kibanda, akachukua taa moja aliyokuwa ameiunga mwenyewe kutoka kwenye taa tatu zilizokufa, akaijaza mafuta mpaka juu, akaenda nayo nyumba ya uzazi, akaiwasha, akaitundika kwenye msumari ulio juu ya kitanda cha kujifungulia, akaacha chupa ya pili imejaa dirishani, akaondoka bila kungoja kuitwa ndani. Hakuna aliyemtuma. Félicité wake alizaliwa chini ya taa hiyo, na wako humu kwenye umati, mikononi mwa mama zao, wengine ambao kitu cha kwanza walichokiona duniani ni taa ya Degere Tatu, na mama zao walikuwa wanacheka sokoni. Lile swali la mwaka 1955, taa ya kwanza itawaka kwa nani, ofisi haijalijibu hadi leo, nyaya hazijavutwa hata kwa mabwana wenyewe. Yeye alilijibu kwa msumari.

Ugonjwa wake ulianza mwezi Oktoba 1958, homa iliyokuja na kuondoka, kisha macho ya manjano, kisha maumivu chini ya mbavu upande wa kuume. Alitibiwa hapa Baraka, tarehe 6 Januari mwaka huu wa 1959 akapelekwa Uvira kwa boti ya Mzee Useni, na waliokuwemo wanasema walipofika Banza aliomba injini izimwe, nahodha mpya akasita akimtazama Mzee Useni, Mzee Useni akasema izimwe, wakamteremshia mkono majini kwa kuwa hakuweza kuinama. Huko Uvira madaktari walifanya waliloliweza, wakasema ini limechoka, naye akaomba arudishwe kwake. Wiki zake za mwisho alikuwa akitetemeka kwa baridi hata mchana wa jua kali, mablanketi ya majirani yakajaa juu yake yasisaidie, na Mama Georgette akawa anapanda kitandani na kumkumbatia kwa mgongo. Siku ya Jumatano, tarehe 11 Februari 1959, mchana, watoto wakiwa wanakula ukumbini, alimuuliza kwa sauti ndogo, "Sasa iko ngapi?" Mke wake akamjibu, "Iko tatu." Akauliza, "Inatosha?" Akamwambia inatosha. Ndivyo alivyotuaga. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na saba.

Familia inawashukuru waganga na wauguzi wa Baraka na wa Uvira, waliomwita kwa jina lake walipomhudumia, padri aliyempaka mafuta matakatifu, Mzee Useni Uledi na Mama Siti, waliotoa boti, nyumba na machozi, wavuvi waliokataa kuingia ziwani tangu Jumatano, wachungaji wa Minembwe walioteremsha maziwa kwa miguu wakisema aliwahi kuwabebea mgonjwa, bakunga wa nyumba ya uzazi, waliokuja jana kutuambia kwamba taa wameijaza wenyewe, na majirani wote mlioleta kuni, unga, mikeka na kukesha nasi. Mesié Roger, popote alipo, hatumlaani, marehemu hakumlaani, alikuwa akisema yule kijana naye alitaka taa.

Raphaël, mwana wa Nicolas na Constance, nahodha, tunasema nahodha na atakayeudhika audhike, umefika pwani, shusha mizigo, lala. Sisi tutaisikiliza ile taa.

Nanyi ndugu zetu, mlioketi ndani na mliosimama nje, hatuwadai kitu kingine, hatutaki mseme mmekosa wala mtubu mbele ya watu. Tunawaomba jambo moja tu. Mkimtaja kuanzia leo, semeni Raphaël, semeni Asukulu, semeni nahodha. Lile jina lingine mwachieni Mama Georgette peke yake.